Mzee, ulipigana vita gani?

Jenerali David Musuguri alifariki dunia Oktoba 29, 2024 katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, akiwa na umri wa miaka 104. Alizikwa kwao Butiama, na kwa siku kadhaa nchi ikasimulia upya habari zake: kijana aliyejiunga na King's African Rifles mwaka 1942 akapelekwa Madagascar, akaja kuiongoza Divisheni ya 20 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. (Amin naye alitokea KAR hiyo hiyo. Waingereza waliwafundisha wote wawili kulenga shabaha, wakajiondokea.)

Mkuu wa Majeshi mstaafu hakosi daktari, na haikupasa akose. Makala haya yanawahusu waliokuwa nyuma yake kwenye msafara ule: koplo wa Bunda, dereva wa Musoma, mgambo wa Butiama aliyeitwa akiwa shambani na kurudi shambani vita vilipokwisha. Hao leo ni wazee. Wanaugua kama wazee wengine wanavyougua, ila baadhi ya magonjwa yao yalianzia mahali ambapo daktari wa leo hapajui wala hapaulizii.

Mkoa wa Mara na jeshi ni ndugu wa siku nyingi. Utani wa mtaani unasema kila boma la huku lina mtu jeshini, polisi au magereza, na boma lisilo na hata mmoja wenyewe wajieleze wamehamia lini. Musuguri alipostaafu, kiti chake kilikaliwa na Jenerali Ernest Mwita Kiaro, na kwa mtu wa mkoa huu jina la Mwita halihitaji tafsiri. Musoma ina wanajeshi wake Makoko. Butiama ina Rwamkoma, kambi ya JKT ambako vijana wa mujibu wa sheria hulala na kuamka kwa filimbi. Hata nyumba ambayo Mwalimu Nyerere alihamia pale Mwitongo katika siku zake za mwisho ilijengwa na jeshi.

Vita vya Kagera dhidi ya Amin vilipoanza mwishoni mwa Oktoba 1978, JWTZ lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Katika majuma machache idadi ikapita 150,000. Nyongeza hiyo ilitoka polisi, magereza na JKT, na kiasi cha watu 40,000 walikuwa mgambo. Masaka ilianguka Februari 1979, mapigano makali ya Lukaya yakafuata Machi, Kampala ikachukuliwa Aprili 11, na mwanzoni mwa Juni askari wetu walikuwa wamefika kaskazini kabisa mwa Uganda. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anaelekea 70. Aliyekuwa na 30 anakaribia 80, kama bado yupo.

Vita vilipokwisha, njia zao ziligawanyika. Askari wa kuajiriwa alirudi kikosini, akaendelea na kazi, akastaafu akiwa na namba ya jeshi, kitambulisho na pensheni, hata kama ni ndogo. Mgambo alikabidhi bunduki na kupanda gari kurudi kijijini. Wapo waliorudi na barua iliyopigwa taipureta, na wapo waliorudi na kovu peke yake. Huko Uganda risasi haikuwa imeuliza nani ameajiriwa na nani ameazimwa.

Asubuhi moja, kwenye hospitali mojawapo ya mkoa huu, mzee wa aina hiyo alikaa kwenye benchi mbele ya dirisha la wazee. Mfuko wa nailoni ulikuwa magotini, na ndani yake daftari la kliniki ya presha lililokunjwa kona zote, kadi ya mpigakura na soda iliyobaki nusu. Mkewe alikuwa pembeni, kazi yake kubwa ikiwa kumgusa bega kila jina lilipoitwa, maana mzee hasikii jina lake likiitwa. Zamu yao ilipofika waliingia wote wawili.

“Shikamoo babu. Leo unasumbuliwa na nini?” aliuliza tabibu, kijana mdogo mwenye adabu.

“Marahaba. Masikio, mwanangu. Yanavuma usiku na mchana.”

“Tangu lini, babu?”

“Tangu Masaka.”

Kijana alidhani Masaka ni kitongoji cha upande wa Nyamuswa. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika kwamba tatizo ni la muda mrefu na linatokana na umri, akampa vidonge vya presha na miadi ya mwezi unaofuata. Hakukuwa na uzembe pale. Alimpima mapigo ya moyo, alimsikiliza, alimpa kiti. Kilichokosekana ni swali moja tu la kumwuliza mzee, nalo halimo kwenye fomu yoyote aliyowahi kufundishwa kuijaza: uliwahi kuwa vitani, na ulikuwa unafanya nini huko?

Angeuliza, angepata jibu refu. Silaha iliyovuma kuliko zote katika vita vile ilikuwa roketi ya BM-21, ambayo askari na wananchi waliibatiza jina la Saba Saba. Pamoja nayo kulikuwa na mizinga iliyofyatuliwa kutwa nzima na watu wasio na kinga yoyote masikioni. Ndani ya sikio kuna chembe laini mfano wa vinyweleo zinazopokea sauti, na zikishauawa na mlipuko hazioti tena. Kinachobaki ni mvumo usiokoma na usikivu unaopungua mwaka hadi mwaka. Ugonjwa huo hauponywi kwa vidonge, lakini hupimika, na kifaa cha usikivu humrudishia mtu mazungumzo ya nyumbani. Mzee asiyesikia hujitenga. Baraza la wazee linamshinda, kanisani hafuati, simu ya mtoto wake aliyeko Dar anaikata kwa sababu haelewi kinachosemwa. Watafiti wa afya ya ubongo wamekwisha kuonyesha kwamba upungufu wa usikivu usiotibiwa huenda sambamba na kupoteza kumbukumbu uzeeni. Kwa hiyo “masikio tu” si jambo la kupuuza.

Chuma nacho kina habari zake. Mtu aliyejeruhiwa na bomu hubaki na vipande vidogo mwilini ambavyo daktari wa uwanja wa vita aliona ni salama kuviacha kuliko kuvichimba. Vingi hukaa kimya maisha yote. Vingine husogea. Risasi iliyokwama ndani ya kiungo kama goti inaweza kuachia sumu yake taratibu kwenye damu, ikaonekana miaka mingi baadaye kama tumbo la kunyonga, upungufu wa damu au miguu kufa ganzi, dalili ambazo kwa mzee yeyote zina maelezo mengine kumi yaliyo mepesi zaidi. Kisha kuna kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku kali. Mgonjwa mwenye vipande vya chuma, hasa karibu na jicho au uti wa mgongo, hapaswi kuingizwa humo kabla ya kupigwa picha ya kawaida kuhakikisha chuma hicho kipo wapi. Mzee anayepewa rufaa kwenda kupigwa kipimo hicho anastahili kuulizwa kuhusu 1979 kabla hajalazwa kwenye ile meza. Hilo ni suala la usalama wake, hata kabla hatujafika kwenye heshima.

Waliokatwa miguu kwa mabomu ya ardhini wana safari yao pia. Mguu wa bandia haudumu milele. Huchakaa, na kisiki chenyewe hubadilika umbo mtu anapozeeka au kupungua mwili. Moshi, kwenye viwanja vya Hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981, na mafundi wa viungo bandia wa nchi nyingi za Afrika wamefunzwa hapo. Ujuzi tunao, hapa hapa nchini. Tatizo ni kilomita zilizopo kati ya Kibara na Moshi.

Halafu kuna usiku. Wake wa wanajeshi wanajua habari hizi kuliko daktari yeyote: mume anayeruka kitandani, anayelala na taa imewaka, anayekaa kimya siku tatu kisha anafoka kwa sababu mtoto amedondosha sufuria. Jina la kitaalamu la hali hiyo, msongo unaofuata kiwewe, liliingizwa rasmi kwenye mwongozo wa matabibu wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Vita vya vijana wetu vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja kabla. Walirudi na ugonjwa ambao vitabu vilikuwa bado havijaupa ukurasa, na vijijini ukapewa majina yaliyokuwepo: laana, mizimu, ulevi, ukorofi wa mtu aliyezoea bunduki. Wengine waliangukia kwenye gongo na familia zikavunjika. Wengine walipelekwa kwa wazee wa mila, na sitawacheka waliowapeleka, kwa sababu angalau huko mtu aliulizwa alifanya nini na aliona nini.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba kiwewe kinaweza kutulia kwa miongo halafu kikaibuka uzeeni. Kazi ilikuwa inakizima. Mtu akistaafu, mke akifariki, usiku ukawa mrefu, vita vinarudi. Familia huona ni uzee unamchanganya. Kliniki ya afya ya akili ingeweza kumsaidia kwa mazungumzo na dawa za bei isiyotisha, lakini kwa mzee wa Mara, aliyekulia kwenye jamii inayompima mwanaume kwa kutolia hadharani, kupanga foleni kwenye chumba chenye kibao hicho ni aibu kuliko kufa. Hapa askari mwenzake ana kazi kubwa kuliko daktari. Mzee atakayemkatalia mkwe wake atamsikiliza aliyelala naye handaki moja.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo mambo mengi hukwama. Kisera, mzee wa Tanzania hajatupwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zinasema mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atatibiwa bure kwenye vituo vya umma, na hospitali nyingi zina dirisha au chumba chao chenye maandishi ya kuwataka vijana wawapishe. Ilianzishwa CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii ambao kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, yenye mfuko wa kuwabeba wasio na uwezo. Kwa mstaafu mwenye pensheni ya Hazina, kima cha chini kilipandishwa mwaka 2015 kutoka shilingi 50,000 na ushei hadi 100,000 na ushei kwa mwezi.

Lakini kila mtu wa huku anaijua sentensi inayofuata baada ya matibabu ya bure: dawa hii hatuna, kanunue nje. Kadi ya msamaha haivuki barabara kwenda duka la dawa. Wala hailipi nauli. Mzee wa ndani kule Butiama huanza na bodaboda mpaka barabara kubwa, akapanda Hiace ya Makutano Juu, kisha nyingine ya kuingia Musoma, akifika Bweri bado ana kipande cha safari. Haendi peke yake, kwa hiyo nauli ni mara mbili. Akipewa rufaa ya Bugando ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma, na huko kuna kulala, kula na kurudi. Lugalo, hospitali kuu ya jeshi ambayo hupokea wanajeshi na raia, ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Mbuzi anauzwa, halafu mwingine, kisha mzee mwenyewe anasema basi, nimechoka, nirudisheni nyumbani. Familia hueleza msibani kwamba mzee alikataa hospitali. Alichokataa ni kumaliza zizi la wajukuu.

Mkoa wenyewe umesogea, na haki yake upewe. Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, ambayo kuta zake zilianza kujengwa miaka ya 1970 na kusimama kwa miongo hadi watu wakaigeuza kuwa mfano wa mambo yasiyokwisha, sasa inatibu wagonjwa. Bunda wana hospitali teule na wana Manyamanyama. Butiama, wilaya tangu 2012, ina hospitali yake. Majengo yapo kuliko yalivyokuwa miaka 15 iliyopita. Kwa sababu hiyo siungi mkono wanaodai kila mkoa ujengewe hospitali ya maveterani. Hospitali hiyo ingekaa Musoma mjini, na mzee wa Kisorya angebaki pale pale alipo, akihesabu nauli.

Tazama wengine walivyofanya. Afrika Kusini ilitunga sheria ya wanajeshi wa zamani mwaka 2011 na kuiandikia huduma ya afya ndani yake. Kenya ikatunga ya kwake mwaka 2022. Sheria zote mbili zina malalamiko yake, hasa kwenye utekelezaji, lakini zinaanza na jambo moja tusilopaswa kulikosa: kutambua nani ni nani. Hata Uingereza, iliyowahi kuwalipa askari wake Waafrika kiinua mgongo kidogo mno kuliko weupe waliopigana bega kwa bega nao kwenye Vita Kuu ya Pili, ilikumbuka mwaka 2018 na kutenga takribani pauni milioni 12 kwa wanajeshi wa zamani wapatao 7,000 wa nchi za Jumuiya ya Madola pamoja na wajane, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Ilichelewa miaka 73. Wengi walikuwa wamekwisha kulala makaburini. Tusione ajabu ya Waingereza ilhali yetu ya 1979 inakaribia kufanana nayo.

Orodha ya kuwatambua wa kwetu inaweza kuanzia hapa wilayani, na mtu wa kuishika tayari yupo. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, ofisa wa JWTZ mwenye ofisi na mafaili, anayefahamika na watendaji wa kata. Kwa kushirikiana na wenyeviti wa vijiji na Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, MUWAWATA, anaweza kuandika majina ya waliopigana, wakiwemo mgambo wasio na karatasi. Ushahidi haukosekani: wenzao wapo, wanajua nani alikuwa kikosi gani na nani anajipachika. Ni wakali kweli kweli juu ya hilo. Mtu anayejidai alikuwa Lukaya naye hakuwapo huaibishwa mbele ya watu. Orodha hiyo ikifika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, inakuwa ndiyo msingi wa kadi ya bima inayolipiwa na serikali, ya mzee na ya mke wake.

Nasisitiza mke wake. Yeye ndiye daktari wa usiku. Ndiye anayekumbuka vidonge, anayeogesha, anayesikia kwa niaba ya asiyesikia. Mzee akifariki, mara nyingi uhusiano wake na mfumo wowote hukatika siku hiyo hiyo, wakati mgongo wake mwenyewe umekwisha kwa kumnyanyua mwanaume mzima kwa miaka.

Jeshi nalo lina desturi nzuri ya kupima afya za wananchi bure na kuchangia damu linapoadhimisha kuzaliwa kwake, Septemba 1. Madaktari hao wakija Mara, siku moja itengwe kwa wazee wa vita, na ifanyike Kiabakari au Nyamuswa badala ya Musoma mjini. Waje na mpima masikio, mpima macho, fundi wa viungo bandia na mtaalamu wa afya ya akili aliyevaa kombati, kwa sababu kwake afande mstaafu atafunguka. Kwa siku nyingine za mwaka, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali ilizindua mpango wa kuwasambaza nchi nzima Januari 2024, wanaweza kupeleka dawa za presha na sukari hadi nyumbani na kuuliza usiku ulikuwaje.

Tukichelewa kujifunza kwa wazee wa Kagera, hatutakosa wengine wa kujifunzia. Julai 2013 walinda amani 7 wa Tanzania waliuawa Darfur. Desemba 7, 2017 kambi ya walinda amani wetu ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa usiku. Askari 15 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Walionusurika ni vijana, wengi bado wapo kazini, wana watoto wadogo. Baadhi yao ni wa huku kwetu, na siku moja watastaafu na kurudi kujenga Bunda, Tarime au Musoma. Watakapofika mbele ya tabibu na kusema hawalali tangu Semuliki, itabidi awepo mtu wa kuelewa kwamba hicho si kitongoji.

Hadi orodha ipatikane, wewe msomaji una la kufanya wiki hii. Kama nyumbani kwenu yupo baba, babu au mjomba aliyepita Kagera, Msumbiji, Darfur au Kongo, kaa naye umwandikie kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la kliniki: alikuwa kikosi gani, mwaka gani, alishika silaha ya aina gani, aliumia wapi, kama kuna chuma mwilini. Akienda hospitali, hakikisha tabibu anausoma ukurasa huo kabla ya kuandika neno “umri”.